Kwa nini "I would live in Umoja" imekatwa

Dada, umeuliza kwa nini mwalimu amekata sentensi yako "When I was small I would live in Umoja", ilhali umesoma kwamba "would" na "used to" zote ni za mazoea ya zamani. Nafundisha Kiingereza madarasa ya jioni hapa Nairobi, wengi wakiwa watu wazima wanaojiandaa kwa mitihani ya kwenda ng'ambo, na swali hili haliishi. Mwalimu wako yuko sahihi.

Jiulize: ni tendo lililokuwa likirudiwa, au ni hali? Kuishi mahali, kumiliki kitu, kujua, kupenda, kuitwa jina fulani, hizo ni hali, na kwa hali "would" haiingii. Chukua barabara zetu. Kenyatta Avenue zamani ilikuwa Delamere Avenue, na Tom Mboya Street ilikuwa Victoria Street. Utasema "Tom Mboya Street used to be called Victoria Street". Ukisema "would be called", msikilizaji ataelewa kwamba jina hilo lilikuwa bado halijaja, yaani historia umeigeuza.

Tendo la kurudiwa linakubali yote mawili, ila "would" inataka msikilizaji awe ameshajua unaongelea wakati gani. Ndiyo maana msimulizi mzuri hufungua na "used to", kisha "would" ndiyo inayoendesha hadithi. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika hivi kuhusu nyanya yake, nami naipenda sana aya hii: "When we lived in Kayole, my grandmother used to sell mandazi by the gate. She would light the jiko before dawn, and we would carry the basin for her." Anza moja kwa moja na "She would light the jiko" uone: mtu anabaki akingoja "if". Angewasha kama nini? Wengi wetu "would" tuliizoea kama "-nge-" peke yake, kwa hiyo mtego huu unatunasa upesi.

Kuna na lile letu la "That time I was going to church every Sunday", limetoka moja kwa moja kwa "nilikuwa naenda". Mtaani tunaelewana vizuri tu. Kwenye mtihani andika "I used to go" au "I went".

Hiyo "went" usiidharau. Ukitaja muda kamili au idadi, tumia wakati uliopita wa kawaida: "I lived in Umoja for six years", "I went to Mombasa three times". "Used to" hapo haikai.

Tahajia: "I didn't use to like sukuma", "Did you use to walk to school?" Herufi "d" inaondoka kwa sababu "did" imeshabeba wakati uliopita. Sikio halitakusaidia, matamshi ni yale yale. Na "I am used to waking up early" ni habari nyingine kabisa: ni kuzoea, tena sasa hivi, na kitenzi kinachofuata kinachukua "-ing".

Sentensi yako basi iwe "When I was small I used to live in Umoja", au "I lived" tu. Endelea na aya nzima, sema mlikuwa mkicheza nini na nani aliwaita jioni, hapo ndipo "would" itapata kazi. Ibandike hapa niipitie.