Mlio masikioni, na sindano za Kichina

Pole dada. Miezi minne masikio yanalia nziii, hasa usiku, na kliniki ya Kichina huko Hurlingham, Nairobi, imekutajia bei ya sindano kumi za akupancha (sindano nyembamba zisizo na dawa) na vidonge. Kabla hujalipa, nenda kitengo cha masikio, pua na koo, Hospitali ya Kenyatta au kwingine, wakague nta na wapime usikivu. Nta tu inaweza kuleta mlio huo. Aspirini nyingi na kwinini pia.

Kwa tiba ya jadi ya Wachina, mlio mkali wa ghafla huitwa moto wa ini; unaoanza polepole na kuzidi usiku huitwa udhaifu wa figo. Sindano huchomwa mbele ya sikio, kwenye kibonyeo kinachotokea ukifungua mdomo. Zifunguliwe mpya mbele yako. Ushahidi kwamba zinatibu ni hafifu; wengine huambulia usingizi, si haba.

Vidonge visivyo na lebo ndivyo vya kuogopa. Long Dan Xie Gan Wan, dawa ya Kichina ya huo moto wa ini, iliwahi kutiwa mmea wa Aristolochia, unaoharibu figo. Soma viambato vyote.

Mlio ukiwa wa sikio moja, au ukidunda na mapigo ya moyo, mwone daktari upesi. Usikivu ukipotea ghafla, nenda hospitali mara moja.