Waifai ya boma zima: nunua kebo, ripita iache dukani

Ndugu, umeuliza ufanye nini ili intaneti ya faiba uliyofungiwa kwenye nyumba kubwa hapo Maseno ifike vyumba vya nyuma, na pia ifike kwenye simba yako, yaani nyumba ndogo ya kijana bomani, karibu na lango, mita kama 40 kutoka sebuleni. Umesema jirani amekushauri ununue ripita mbili. Mimi naishi Mamboleo, na nimefunga mitandao kwangu, kwa wazazi na kwa jamaa kadhaa huku Kisumu na Vihiga, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa urefu.

Ripita usinunue. Pesa hizo zitie kwenye kebo ya mtandao. Waifai inayotulia ni ile ambayo data imesafiri kwenye waya karibu njia yote, ikapita hewani mita chache za mwisho tu. Ripita ya kawaida hupokea mawimbi ya ruta na kuyatuma tena kwa redio ileile, na kwa kuwa haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, kasi hushuka karibu nusu. Halafu watu huichomeka pale pale ambapo mawimbi yameshachoka. Simu inaonyesha waifai imejaa, video inakwama, na mtu anailaumu kampuni ya intaneti bure.

Kabla ya kutoa hata shilingi, hamisha ruta. Mafundi wa faiba huiacha pale waya wao ulipoingilia, mara nyingi nyuma ya televisheni kwenye ukuta wa nje, na sehemu kubwa ya mawimbi inaishia shambani. Kisanduku cha faiba kikiwa peke yake, kiache hapo, uvute kebo hadi kwenye korido katikati ya nyumba na uipandishe ruta juu ya usawa wa kichwa, mbali na friji na mlango wa chuma. Kama ruta na kisanduku ni kitu kimoja, muombe fundi akusogezee faiba yenyewe; usiikunje mwenyewe, maana ndani yake kuna uzi wa kioo. Nyumba zetu huku ni za mawe au matofali, zina milango ya chuma, grili madirishani na mabati juu, na chuma hurudisha mawimbi yalikotoka. Kama simba yako ni ya mabati hata kutani, ruta yoyote iliyo nje itapiga kelele bure. Kifaa lazima kikae ndani.

Kisha pima. Pakua programu ya bure ya kupima waifai inayoonyesha nguvu kwa dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikikaribia sifuri ni bora), utembee chumba hadi chumba milango ikiwa imefungwa kama usiku. Karibu na ruta utaona kama -40. Hadi -67 hivi, simu za video huenda vizuri. Ikishuka hadi -80, hapo hakuna kazi ya maana utakayofanya. Waifai hutumia masafa ya 2.4 GHz na 5 GHz; pima kila moja peke yake: ya kwanza hupenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole na imejaa majirani, ya pili ina kasi ila ukuta mmoja wa mawe huipunguza sana.

Sasa kebo, na hapa ndipo watu hupunjwa. Aina iitwayo Cat5e inatosha, hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Lakini dukani kuna kebo za bei rahisi ambazo waya wake ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Chukua kipande, menya waya mmoja, ukwaruze kwa ncha ya kisu. Ukibaki na rangi ya shaba hadi ndani, lipa. Ukiona weupe kama wa sufuria, rudisha. Waya huo hukatika ukiukunja na huwa hauendi umbali ulioandikwa kwenye boksi. Ukifunga vichwa mwenyewe, fuata mpangilio huu ncha zote mbili: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Klipu ya kichwa ikitazama chini, unahesabu kutoka kushoto. Usizifungue jozi zaidi ya sentimita moja hivi, kwa maana ule msokoto ndio unaozuia waya kuingiliana.

Kwa vyumba vya nyuma, kebo ipite juu ya dari hadi kwenye ruta nyingine huko, na kazi imekwisha. Ya kwenda simba ni habari nyingine. Huku kwetu radi haziishi, na waya wa shaba uliolazwa nje kati ya nyumba mbili huokota umeme wa radi iliyopiga hata mbali kiasi na kuuingiza kwenye vifaa vya pande zote mbili. Kwa wazazi nilizika faiba ndani ya paipu ya plastiki, nikaweka kigeuzi kila mwisho cha kuirudisha kuwa kebo ya kawaida. Faiba ya kioo isiyo na waya wa chuma ndani haipitishi umeme. Kama kuchimba hakuwezekani, funga redio mbili za nje za 5 GHz zinazotazamana bila mti katikati. Na kumbuka migomba hukua.

Simba itumie ruta ya pili, hata ile ya zamani iliyolala kabatini. Ingia kwenye mipangilio yake, ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, mfano 192.168.1.2 kama kubwa ni 192.168.1.1, zima DHCP (huduma inayogawa anwani) ili ruta kubwa pekee igawe, kisha chomeka kebo kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la intaneti inayoingia). Ukichomeka WAN unapata mitandao miwili, na printa ya nyumba kubwa huenda isionekane kutoka simba. Jina la waifai na nywila viwe sawa kote ili simu ihame yenyewe ukitembea. Kwenye 2.4 GHz moja iwe chaneli 1 na nyingine 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani.

Usalama usiufanyie uvivu. Badilisha nywila ya kuingilia ruta yenyewe iliyoandikwa chini yake, tumia ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS (kuunganisha kwa kitufe au PIN). Washa mtandao wa wageni wenye nywila yake, kwa sababu siku boma likijaa watu wa matanga au harusi kila mtu ataomba waifai, na kompyuta ya kazi haifai kukaa humo.

Stima ikipotea, kisanduku cha faiba na ruta vyote viwe kwenye UPS ndogo ya DC, yaani betri ya akiba. Soma adapta kwanza: volti lazima zilingane kabisa, kuna za 12 na za 9. Mawingu yakianza kujikusanya jioni, chomoa ukutani.

Hamisha ruta wikendi hii, kisha uandike hapa vipimo vya kila chumba na kuta za simba ni za nini. Nitakuambia kama faiba ya kuzika ina haja au redio zitatosha.