Ziba mianya kwanza, sufi ifuate

SWALI: Nyumba yangu ina dari ya mbao, na juu yake kuna sufi ya kioo (nyuzi za kioo za kuzuia joto) ya zamani, nyembamba, yenye mabaka meusi. Bili ya umeme haishikiki. Mwaka huu nina fedha za kazi moja tu: kubadilisha madirisha, kununua kiyoyozi kipya au kuongeza sufi darini. Nianze na ipi?

JIBU: Anza darini, ila usinunue sufi bado. Hayo mabaka ndiyo ramani yako. Mara nyingi si ukungu, ni vumbi: hewa ya ndani inapopenya kwenda juu, sufi huichuja na vumbi hubaki kwenye nyuzi. Inua sufi penye baka na uangalie chini yake. Aghalabu utakuta tundu la waya wa taa, la bomba, au mwanya pale dari inapokutana na ukuta. (Baka likiwa bichi, tafuta kwanza bati linalovuja.)

Sufi huzuia joto kwa sababu hewa iliyomo katikati ya nyuzi imetulia. Hewa ikipita, kinga hiyo inapungua sana. Ukitandaza sufi mpya juu ya matundu, utakuwa umeyafukia tu, na siku ya kuyaziba itabidi ufumue kila kitu.

Chagua siku ya upepo. Funga milango na madirisha, washa feni za kutoa hewa za jikoni na bafuni, kisha pitisha kijiti cha udi polepole kwenye kingo za dari, soketi na fremu. Moshi ukiyumba, tia alama ya chaki.

Ufa usiozidi milimita 6, silikoni inatosha. Kuanzia hapo hadi kama milimita 75, tumia povu la kupuliza. Lipulize kidogo kidogo, maana huvimba na linaweza kupinda fremu. Tundu kubwa zaidi likatie kipande cha ubao wa povu gumu, uzibe kingo zake. Kandokando ya bomba la moshi usiweke povu kabisa, kwani linashika moto: hapo ni bati na gundi inayohimili moto. Mfuniko wa kupandia darini husahaulika sana. Uzungushie raba ya kubandika.

Sasa tandaza sufi, bila kuishindilia. Kutoka milimita 100 hadi 200, joto linalopita kwenye sufi hupungua kwa nusu. Ukifika 300, hupungua theluthi moja ya lililobaki. Acha nafasi ya milimita 50 chini ya paa kwenye matundu ya hewa ya ukingoni.

Madirisha yanaweza kungoja; kwa sasa ziba fremu na ubadilishe raba zilizokauka. Kiyoyozi nacho kingoje, kwa kuwa baada ya kazi hii kiyoyozi chenye nguvu ndogo zaidi kitatosha. Kikubwa kupita kiasi huzimika mapema na kuacha unyevu ndani.

Jambo moja usilipuuze. Kama ndani kuna jiko au hita ya gesi, kuni au mkaa, nyumba iliyozibwa inaweza kukusanya kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Mwite fundi apime njia ya moshi kabla na baada ya kuziba, na ufunge king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala. Feni ya bafuni nayo itoe hewa nje ya paa, kamwe isiishie darini, la sivyo sufi yako mpya italowa.