Sabuni, mafuta na maji ya Berlin: ushauri kwa anayehamia Ujerumani

Wanaojiandaa kuja Ujerumani kwa masomo au kazi huuliza sana kuhusu makoti na viatu vya baridi, lakini ni wachache wanaouliza kuhusu sabuni na mafuta ya kujipaka, ilhali hivyo ndivyo vinavyogusa mwili kila siku. Mimi nimekulia Dar es Salaam na sasa naishi Berlin, na kila mgeni anayefika humwambia jambo moja: kabla hujailaumu sabuni, chunguza kwanza maji na hewa.

Maji ya Berlin ni magumu, yaani yana kalsiamu na magnesi kwa wingi, na madini hayo yakikutana na sabuni ya kipande huzuia povu na kuacha utando kwenye ngozi na nywele. Ushahidi utauona ndani ya birika la umeme, ambalo baada ya muda mfupi hufanya ukoko mweupe wa chokaa. Kwa hiyo sabuni ileile iliyokufaa nyumbani inaweza kukuacha huku ngozi ikikaza. Sabuni nyingi za maji za kuogea hazina tatizo hilo; chagua isiyo na manukato.

Hewa nayo ni jambo kubwa zaidi. Sisi wa pwani tumezoea unyevu, kumbe majira ya baridi vipasha joto vikiwashwa, hewa ya ndani hukauka na ngozi hupauka hadi kupasuka visigino na vifundo vya vidole. Losheni nyepesi haitoshi. Oga kwa maji ya uvuguvugu, jifute kidogo, kisha jipake mafuta mazito ngozi ikiwa bado na majimaji, kwa sababu kazi ya mafuta hayo ni kuyazuia maji yaliyopo yasipotee. Mafuta ya nazi utayakuta yameganda chupani, kwani huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Hayajaharibika, yayeyushe tu kiganjani.

Dukani usiogope Kijerumani. Sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya, namba 1223/2009, inataka viambato viorodheshwe kwa majina yaleyale katika nchi zote, kuanzia chenye uzito mkubwa, isipokuwa vile vilivyo chini ya asilimia 1, ambavyo huweza kufuata mpangilio wowote. Jifunze machache: Cocos Nucifera ni nazi, Butyrospermum Parkii ni shea (mafuta mazito ya mbegu za mti wa Afrika), Parfum ni manukato. Ukiona Aqua, yaani maji, mwanzoni na shea mwishoni kabisa, ujue shea hiyo ni ya kutajwa tu. Mchoro wa kopo lililofunguliwa wenye 12M humaanisha miezi 12 tangu ulipofungua.

Kwa makwapa, kilichoandikwa Deo pekee mara nyingi huondoa harufu bila kuzuia jasho. Anayetaka kuzuia jasho atafute neno Antitranspirant. Dawa ya meno haina haja ya kubebwa.

Nywele zetu zina maduka yake, yaitwayo Afroshop, na mtaa wa Wedding unayo, ingawa bei huumiza. Dodoki lako lije na wewe, kwani ni jepesi, na chupa za mafuta zikae kwenye sanduku kubwa, maana viwanja vingi vya ndege haviruhusu chupa ya zaidi ya mililita 100 kwenye mzigo wa mkononi.

Nakusihi, usimwagize mtu mkorogo. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika krimu za kung'arisha ngozi, hapa na kwetu Tanzania pia, na zebaki hudhuru figo. Ngozi ikiwasha wiki baada ya wiki, nenda kwa daktari ukiwa na chupa zote unazotumia, ili asome mwenyewe viambato vyake.