Maswali ya Wasomaji: Farasi Jike, Tandiko au Uzazi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayefanya kazi katika ranchi ya ng'ombe huko Texas, Marekani. Tunaye farasi jike wa miaka minne, wa aina ya Quarter na mwenye nasaba nzuri. Wenzangu wanashikilia kwamba tandiko ni la farasi waliohasiwa, na kwamba jike huachwa malishoni azae tu. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, desturi hiyo ni ya zamani na haikuzuka bure, kwa kuwa jike huingia joto takriban kila baada ya siku 21 katika miezi ya mchana mrefu, na baadhi yao hapo huwa wasumbufu. Hata hivyo, sikubaliani na wenzako. Cheti cha nasaba hutaja wazazi, lakini hakisemi kama huyu mwenyewe ana moyo wa kumkabili ng'ombe mkaidi, kwato za kuhimili mawe, au utulivu kamba inapokazwa. Hayo huonekana akiwa kazini. Jike hubeba mimba kwa miezi 11 na kwa kawaida huzaa mwana mmoja, kwa hiyo ukizalisha jike asiyejaribiwa, kosa lako utaligundua miaka kadhaa baadaye, mwana atakapotiwa tandiko.

Mfano ninaoupenda ni wa Poco Lena, aliyezaliwa mwaka 1949, akashindana kwa miaka mingi katika mchezo wa kumtenga ng'ombe mmoja na kundi lake. Alizaa wana wawili tu, Doc O'Lena na Dry Doc, nao walishinda shindano kuu la farasi wa miaka mitatu la mchezo huohuo, mmoja mwaka 1970 na mwingine 1971. Baba yao, Doc Bar, alishindwa mbio na kusifika kwa umbo lake katika maonyesho, wala hakuwa farasi wa ng'ombe; ndiyo maana siwaelewi wafugaji wanaompa dume sifa zote. Lakini wana wawili ni wachache mno kwa jike wa aina ile.

Kwa hiyo mtumieni kazini hadi afikishe miaka sita au saba, na akiridhisha, mpelekeni kwa dume angali kijana. Akishika mimba, daktari wa mifugo akiridhia, anaweza kuendelea na kazi nyepesi hadi mwezi wa saba hivi, kisha apumzishwe, kwa sababu mtoto hukua zaidi katika miezi ya mwisho.