Tachipadi imegoma laptopu ilipoamka? Angalia kwanza inapitia njia gani

Umefunua laptopu yenye Linux, skrini imewaka, nenosiri limeingia, lakini kishale kimeganda. Ukiwasha mashine upya, kinarudi. Basi tachipadi ni nzima. Kabla ya kulala ilikatiwa umeme, na ilipoamka haikupatana tena na dreva yake, yaani programu inayoiendesha.

Ushauri unaozagaa kila mahali ni kuondoa moduli ya psmouse (kipande cha kerneli, yaani kiini cha Linux, kinachoendesha tachipadi za PS/2) na kuirudisha. Kwa laptopu nyingi za miaka ya karibuni hausaidii kitu, na ubaya wake ni kwamba amri inapita kimyakimya bila kosa lolote, ukadhani umetibu. Tachipadi hizo hazipiti tena PS/2 (njia ya zamani ya kuunganisha kipanya), zinapita I2C (njia nyingine ya mawasiliano ndani ya mashine). Kwa hiyo usibandike amri yoyote kabla ya kujua yako iko wapi. Fungua terminali kwa Ctrl+Alt+T (ikigoma, Ctrl+Alt+F3) uandike:

grep -B1 -iE 'name=.*(touchpad|mouse|synaptics)' /proc/bus/input/devices

Juu ya kila jina utaona mstari unaoanza na I: Bus=. Namba hiyo ndiyo jibu. 0018 ni I2C, 0011 ni PS/2, 001d ni tachipadi ya Synaptics inayopitia SMBus, njia jamaa ya I2C (ThinkPad kadhaa ziko hivi), 0003 ni USB, 0005 ni Bluetooth. Usidanganywe na "PS/2 Generic Mouse" inayojitokeza pembeni. Tazama mstari wenye neno Touchpad au Synaptics.

Kama ni 0011, psmouse kweli ndiyo dawa:

sudo modprobe -r psmouse && sudo modprobe psmouse

Kama ni 0018, tumia amri hiyohiyo, ila badala ya psmouse weka i2c_hid_acpi (kwenye kerneli za zamani ni i2c_hid). Skrini yako ikiwa ya kugusa, nayo huenda ikakatika kwa sekunde moja, usishtuke. Kishale kikitembea, umempata mwizi, na kilichobaki ni kuifanya kazi hiyo ijiendeshe. Tengeneza faili /usr/lib/systemd/system-sleep/tachipadi lenye haya (mwenye 0011 aandike psmouse badala ya i2c_hid_acpi):

#!/bin/sh
case "$1" in
pre) modprobe -r i2c_hid_acpi ;;
post) sleep 1; modprobe i2c_hid_acpi ;;
esac

Kisha sudo chmod +x juu ya faili hilo. Wengi husahau hapa: bila ruhusa ya kuendeshwa, systemd inaliruka faili wala haikwambii. Moduli inatolewa kabla ya kulala, si baada ya kuamka tu, ili dreva isibebe hali ya zamani. Ile sekunde moja ni ya kuipa tachipadi nafasi ya kupata umeme. Ikiwa nzito kuamka, weka 2.

Moduli ikirudi na kishale bado kimeganda, soma kerneli inasema nini:

sudo dmesg | grep -iE 'i2c|psmouse' | tail -20

Ukikuta i2c_designware ikilalamika "controller timed out", basi iliyokwama ni njia yenyewe, na kuchezea dreva ya tachipadi ni kupoteza muda. Angalia aina ya usingizi kwa cat /sys/power/mem_sleep. Ikionyesha [s2idle] deep (s2idle ni usingizi mwepesi, deep ni mzito, na mabano yanaonyesha unaotumika), jaribu:

echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Ilaze, iamshe. Ikikubali, ongeza mem_sleep_default=deep kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub (mipangilio ya GRUB, programu inayowasha Linux), halafu sudo update-grub kwa Ubuntu na Debian. Laptopu nyingi mpya zina s2idle peke yake. Hapo tafuta sasisho la BIOS au kerneli mpya zaidi.

Wenye 001d waongeze psmouse.synaptics_intertouch=0 mahali hapohapo. Tachipadi itarudi PS/2, na ishara za vidole vitatu huenda zikafifia, ila itaamka.

Kipanya cha USB kinachosinzia ovyo mara nyingi kimeponzwa na powertop --auto-tune, amri ya kubana matumizi ya umeme. Kitafute chini ya /sys/bus/usb/devices/ na uandike on kwenye power/control yake. Cha Bluetooth, anza na sudo systemctl restart bluetooth.

Unapojaribu, usiridhike na systemctl suspend ya sekunde kumi. Iache ilale usiku kucha, kwani hitilafu nyingine hazijitokezi mpaka mashine ilale saa kadhaa.