RAM ya 3600 inayosoma 2666

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua RAM mbili za DDR4, kila moja GB 8, zimeandikwa 3600. Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa ya Core i5-10400 na ubao mama wa H410, na awali ilikuwa na RAM moja tu ya GB 8, ambayo nimeitoa. Sasa Windows inaonyesha 2666, na CPU-Z, ile programu ya kuonyesha vipimo vya kompyuta, inaonyesha 1333! Rafiki yangu anasema nimeuziwa feki. Nizirudishe?

JIBU: Marahaba. Tuanze na hiyo 1333, maana nilipokuwa najifunza kazi hii namba kama hiyo ilinifanya nimrudishie muuzaji RAM nzima kabisa, na bado najuta kwa maneno niliyomwambia. CPU-Z inahesabu mapigo ya saa. RAM za DDR hupitisha data mara mbili katika kila pigo, likipanda na likishuka. Zidisha 1333 kwa mbili, unapata ileile 2666. Programu zote mbili zinasema kweli.

Kuhusu 3600, hiyo ni kasi ambayo RAM yenyewe inaimudu, lakini haiendi peke yake. Kinachoiendesha kimo ndani ya prosesa, na Intel wameipa i5-10400 kikomo cha 2666. Zipo bao zinazoruhusu kuvuka kikomo hicho, H410 hairuhusu. Kwenye RAM kuna kichipu kidogo kilichoandikwa kasi zake: ile ya kawaida, na ile ya juu iitwayo XMP, ambayo ndiyo 3600 yako. Ukiwasha kompyuta, ubao husoma kichipu hicho na kuchagua kasi ambayo wote wanaiweza. Kwa hiyo usihangaike kutafuta XMP kwenye BIOS (mipangilio ya ubao), haitakuvusha hapo. Wala 2666 si dalili ya feki.

Tena umepata faida ambayo rafiki yako hakuitaja. RAM moja ilikuwa ikitumia njia moja kwenda kwenye prosesa. Mbili zinatumia njia mbili kwa wakati mmoja. Fungua CPU-Z kwenye ukurasa wa Memory uone kama imeandikwa Dual, yaani njia mbili (matoleo mapya huandika 2 x 64-bit). Kama unatumia picha za prosesa yenyewe, bila kadi ya picha, hapo utaiona tofauti waziwazi, hasa kwenye michezo.

(Ile ya zamani usiiuze kwa haraka, itakufaa kupimia siku kompyuta ikigoma kuwaka.)

Kuzirudisha? Kama una mpango wa kubadilisha ubao na prosesa karibuni, na utabaki kwenye DDR4, kaa nazo. DDR5, kizazi kinachofuata, ina pini 288 kama DDR4, ila pengo lake (ule mkato kati ya pini) liko mahali pengine, haiingii; usije ukailazimisha. Kama huna mpango huo na muuzaji anakubali kubadilisha, mwombe mbili za GB 16 za 2666 au 3200. Hiyo 3600 umeilipia na hutaitumia, lakini GB 32 zitakufaa siku ukifungua video ya kuhariri.